Nikushikie Mtoto Kidogo

Arafa ndiye aliyemwambia Nasambu waziwazi kwamba katika butiki ya Gathogo hakuna mwanamke anayefanya kazi, wala hajawahi kuwako. Alimwambia siku ya nane baada ya Nasambu kumpa mwanamke huyo mtoto amshikie.

Lakini mambo yalianza na nguo.

Nasambu alikuwa mtu wa sauti ndogo. Akiulizwa jambo mbele za watu, maneno yalimkwama kooni, na kabla hayajatoka wenzake walikuwa wameshahamia jambo lingine. Kununua nguo kwake ilikuwa adhabu. Angeridhika kuvaa rinda lake la kijani siku ya ubatizo wa mtoto, ila wifi yake Viola, anayeuza viatu Nairobi katika jumba lile la ngazi zinazopanda zenyewe, alimtumia pesa na ujumbe mmoja: "Ingia duka la maana. Usituaibishe na leso mbele ya Fatha."

Basi Jumatano Nasambu akatoka kwake mtaa wa Tuwan asubuhi, mtoto mgongoni, akaingia mjini Kitale. Akaanza na duka kubwa la vioo kwenye barabara kuu, ambamo mlinzi hufungua mlango na baridi ya mashine hukupiga usoni. Msichana mwenye kucha ndefu alimtazama kuanzia ndala hadi kitambaa cha kichwa.

"Unataka nini, madam?"

"Naangalia tu."

"Kuangalia ni huko nje, kwa dirisha."

Katika duka la pili zipu ilikataa mgongoni, kwa maana mwili wa mzazi wa wiki tisa bado haujui umekuwa wa nani. La tatu lilikuwa na nguo za saizi moja. "Hiyo inaingia kila mtu, mama," muuzaji alisema, kisha akaona haingii, akacheka na mwenzake. La nne walimvuta mkono, "Kastoma wangu! Kastoma wangu!", wakamrundikia magauni sita begani, na alipotoka bila kununua, mmoja akasema nyuma yake, "Amekuja kupiga upepo huyo." Ilipofika saa saba jua lilikuwa limewaka, mtoto amelowa jasho, matiti yamejaa na yanauma, na machozi yako karibu. Alimkasirikia Viola. Alijikasirikia zaidi mwenyewe, kwa kuwa hakuwajibu hata mmoja wao.

Butiki ya Gathogo ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya maduka makubwa. Mwenyewe alikuwa amekaa kaunta, macho kwenye simu, anatazama mpira.

"Ingia, mama. Kujaribu ni bure."

Mle ndani mlikuwa finyu. Nguo zilining'inia kwenye bomba la chuma kila upande, na mwisho kabisa palikuwa na chumba cha kujaribia, pazia la maua, na kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani. Nasambu alichukua rinda la buluu iliyoiva, akaingia, akafungua leso. Hapo ndipo alipokwama. Sakafu ilikuwa ya simiti tupu. Mtoto angemweka wapi?

"Lete nikushikie mtoto kidogo," sauti ya mwanamke ikasema nje ya pazia.

Mkono ukapenya. Ulikuwa mkono safi, mrefu, hauna pete wala bangili, na ulinukia nguo mpya iliyofunguliwa sasa hivi kutoka kwenye nailoni. Nasambu alishusha pumzi. Kwao hakuna anayeuliza jambo kama hilo mara mbili. Foleni ya kliniki, benchi la kanisa, sokoni Chwele, mama akielemewa, mwanamke aliye karibu hunyoosha mikono. Akampitisha mtoto.

"Asante, dada. Unaitwa nani?"

"Linah. Na mtoto?"

"Bado hatujampa jina."

"Aaah," sauti ikasema, ikafurahi kama mtu aliyepata kiti kitupu mahali watu wamesimama.

Rinda lilimkaa kana kwamba alipimwa usingizini. Alipotoka, mtoto alikuwa amelala juu ya rundo la suruali, na hapakuwa na mtu. Gathogo alikuwa bado na mpira wake. Nasambu akalipa, akamfunga mtoto mgongoni, akashukuru Mungu kwamba imekwisha. Ni nyumbani tu alipogundua kwamba ngumi ya mtoto imeshika kitu.

Ilikuwa sarafu ya zamani, nyekundu, yenye tundu katikati.

"Heee!" Kukhu Phelista akashangaa. Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Huyu alikuwa mama yake Wangila, mume wa Nasambu, na alikuwa ametoka kwake Chwele, huko Bungoma, kuja kumlea mzazi. "Senti ya tundu! Hii niliiona mwisho nikiwa msichana. Nani amempa?"

"Mama mmoja wa dukani. Alinishikia."

"Huyo amelelewa. Mtoto mchanga hashikwi mikono mitupu, unamwekea kitu kiganjani. Siku hizi mnashikana-shikana tu kama kuku wa soko." Akatafuta uzi mwekundu, akaupitisha kwenye tundu, akamfunga mtoto mkononi.

Jioni hiyo mtoto akaanza kulia. Alilia kesho yake, akalia keshokutwa. Daktari alisema ni gesi, akatoa dawa, na dawa ikatapikwa. Wangila, ambaye ni fundi wa mawe na anaamka alfajiri, alikwenda kazini na macho kama pilipili.

Kukhu akasema, "Huyu si tumbo. Huyu analilia jina."

Ndivyo wanavyoamini watu wa Bungoma. Mtoto asiyenyamaza kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anayemtaka, na wazee huita majina ya marehemu mmoja mmoja. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Jumamosi alasiri Kukhu akakaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, akaanza. Nakhumicha. Mtoto analia. Namalwa. Analia. Nelima. Nabwile. Khayecha. Akaita upande wa marehemu mumewe, akaita upande wake, na kila jina liligonga kilio na kuanguka. Mara moja tu alifungua mdomo, akaufunga, akaruka kwenda kwa jina lingine. Nasambu aliliona hilo, lakini si mtu wa kuuliza.

Majina yakaisha. Nasambu akamchukua mtoto, amechoka hadi mifupani, akanung'unika, "Hata yule Linah wa dukani alikunyamazisha. Mimi niliyekuzaa nimeshindwa."

Kilio kikakatika kama redio iliyozimwa.

"Sema tena," Kukhu akanong'ona.

"Nini?"

"Hilo jina."

"Linah."

Mtoto akatabasamu. Kukhu akaruka, akapiga vigelegele hadi majirani wakafungua milango. "Linah! Hata ni jina la kanisani, Fatha atafurahi! Lazima yuko Linah upande wa mzee, wale wa zamani walikuwa wengi." Akatoka mlangoni akalitangaza mara tatu kwa sauti, kama inavyotakiwa.

Tangu saa ile mtoto hakulia tena.

Siku mbili za kwanza ilikuwa raha. Ya tatu, Nasambu aligundua kwamba mtoto hataki kunyonya. Alimwekea titi mdomoni, mtoto akageuza uso pole pole, kama mgeni aliyeshiba anayekataa ugali kwa adabu. Wala hakukonda. Alinenepa. Mashavu yalijaa, na pumzi yake ilinuka maziwa, ilhali maziwa ya Nasambu yalikuwa yakimwagika kwenye beseni na kumchoma kifua kama makaa. Jumanne alimpeleka kliniki kwa sindano ya wiki ya kumi. Sindano iliingia pajani, na mtoto hakupepesa jicho.

"Mtoto mzuri! Halii!" nesi akasema.

"Sista, hali... hanyonyi."

"Na kilo zimeongezeka hivi? Mama, wengine wanakuja hapa wakitafuta shida. Nani anafuata?"

Nasambu akampisha aliyefuata.

Alimwambia Wangila. Wangila akasema, "Alikuwa analia, ukalalamika. Sasa amenyamaza, unalalamika. Si utulie, bana."

Kisha kukaja harufu. Nyumba yao ya vyumba viwili, iliyonuka siku zote mafuta ya taa na nepi, ikaanza kunuka nguo mpya. Halafu sauti. Ilikuwa mchana, saa ya watu kuwa kazini, Nasambu anaosha vyombo uani, akasikia ndani hanga za nguo zikisukumwa kwenye chuma, kwaruu, kwaruu, zikipumzika, kwaruu, kama mtu anayechagua nguo bila haraka. Hawakuwa na bomba la nguo. Nguo zao zilikaa kwenye sanduku. Aliingia mbio akamkuta mtoto kitandani, macho yamefuata kitu hewani kutoka ukuta huu hadi ule, anacheka bila sauti, na midomo yake imelowa.

Rinda jipya lilikuwa limening'inia kwenye msumari. Kifuani lilikuwa na madoa mawili ya maji maji. Nasambu hakuwa amelivaa tangu dukani. Alilifua, akalianika. Kesho yake, Alhamisi, madoa yakarudi, mabichi.

Alilikunja, akambeba mtoto mgongoni, akalirudisha mjini.

"Ikiuzwa imeuzwa," Gathogo akasema kabla hajamaliza salamu. Kisha akaona madoa. "Ati nini? Umelivaa, umelinyonyeshea, halafu unaniletea? Mimi naonekana mjinga?"

"Sijavaa. Muulize yule mama wenu... Linah. Aliniona."

"Mama yupi?"

"Aliyenishikia mtoto. Anayekaa karibu na pazia."

Gathogo akaweka simu chini. Ndiyo mara ya kwanza Nasambu alimwona akiiweka chini. "Hapa niko peke yangu," akasema, sauti imeshuka. "Kodi yenyewe inanitoa jasho, nitaajiri nani? Chukua nguo yako, mama. Nenda."

Alikuwa amefika mwisho wa uchochoro mkono ulipomgusa begani. Akashtuka nusura aanguke. Alikuwa Arafa, anayeuza mitandio na uturi mlango wa pili.

"Pole, dada. Nimesikia. Ngoja nikuambie, lakini usipige kelele." Arafa akatazama nyuma. "Duka lile halina mwanamke. Halijawahi. Lakini wewe si wa kwanza kumwulizia. Alikuja mmoja wa Kiminini mwaka jana, akauliza Linah. Hakurudi tena."

"Na mtoto wake?"

Arafa alijifunga mtandio wake vizuri. Alimshika mkono, akampeleka kwa mjomba wake.

Mjomba huyo, Ustadhi Abdikarim, aliuza spea za baiskeli karibu na msikiti, na walimkuta akipambana na mnyororo, mikono myeusi kwa grisi.

"Mimi si mganga," akasema hata kabla ya kuambiwa. "Mganga ni yule aliyebandika karatasi kwenye nguzo ya stima. Mtafuteni yeye."

"Mjomba, tafadhali. Ni wa kwa Gathogo."

Abdikarim akafuta mikono. Alisikiliza yote, akamfunua mtoto, akaitazama sarafu bila kuigusa.

"Kushika peke yake kungepita," akasema. "Huyu hana mtoto, hukaa pale mama wenye watoto wanapovua nguo, anapenda kubeba. Lakini zawadi yake mmemvalisha mtoto. Na jina lake mmemwita kwa vinywa vyenu. Ubatizo ni lini?"

"Jumapili. Chwele."

"Likisomwa mbele ya Mungu na watu, hatahitaji kuiba. Atakuwa mwanawe." Akachukua tena mnyororo. "Rudisha zawadi kwenye mkono uleule. Na aliyetangaza jina aje alitangue, aite lingine la kwenu. Mimi nitasimama mlangoni nisome ninachokijua. Sikiliza, mama. Usimpe mtoto. Hata ukisikia sauti ya mtu unayempenda."

Kazi kubwa ikawa Kukhu.

"Ati nifute jina?" alifoka Ijumaa. "Jina la marehemu si chaki! Wewe ndiwe hutaki ukoo wetu, au ni hao marafiki zako wa mitandio wamekuambia?"

Siku nyingine Nasambu angeinamisha kichwa. Safari hii aliinua rinda, akaliweka mapajani mwa mama mkwe wake.

"Kukhu, Linah alizikwa wapi?"

"Nani?"

"Linah wa upande wa mzee. Kaburi lake liko wapi? Alimzaa nani?"

Kukhu akaanza kuhesabu makaburi kwa vidole, akaishiwa. Akainamia lile rinda, akayanusa madoa, akayanusa tena, na uso wake ukabadilika. Amenyonyesha watoto saba. "Haya si maziwa ya mtu," akasema. "Yananuka chuma." Na wakati huo huo, nyuma ya ukuta wa chumbani, kwaruu, kwaruu, mtu akaanza kuchagua nguo.

Jumamosi asubuhi walikuwa kwa Gathogo kabla hajapanga nje sanamu za kuvalishia nguo.

"Duka langu si kanisa!" akalalamika.

"Wala si hospitali ya uzazi, lakini kuna anayenyonyesha humu," Kukhu akamjibu. "Kaa chini, kijana."

Abdikarim akasimama mlangoni, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Arafa akamshika Kukhu mkono. Nasambu akaingia peke yake nyuma ya pazia, mtoto kifuani, rinda begani.

Kioo kilikuwa palepale. Alijiona ndani yake amesimama, mikono imekunjwa kifuani, na mikono hiyo haikubeba kitu. Akakaza kumshika mwanawe, akausikia uzito, joto, moyo mdogo ukigonga, lakini kwenye kioo mwanamke yule aliendelea kukumbatia hewa. Nje Kukhu akaanza: "Linah si jina la kwetu. Nililitangaza mimi, nalitoa mimi. Nakhumicha! Namalwa!" Mtoto kimya. Akitabasamu.

Pazia likatikisika, na mkono ukapenya.

"Nipe nikushikie kidogo."

Nasambu alikata uzi kwa meno, akaiweka sarafu kwenye kile kiganja, na kiganja hakikufunga. Kilibaki wazi, sarafu juu yake, kikingoja, na nguo zote za duka zikaanza kwenda kwenye mabomba yao, kwaruu, kwaruu, upande huu na ule, na harufu ya nguo mpya ikajaa mpaka pumzi ikawa nzito kama pamba, na huko mbali sauti ya Abdikarim ikapanda na ya Kukhu ikaita Nelima, ikaita Nabwile, na karibu kabisa na sikio lake, upande huu wa pazia, sauti ileile ya Kukhu ikasema kwa upole, "Basi mwanangu, imekwisha, amepona, nipe mjukuu wangu upumzike," na mikono ya Nasambu, iliyozoea kutii sauti hiyo, ikaanza yenyewe kunyooka.

Lakini Kukhu alikuwa bado anaita huko nje. Hawawezi kuwa wawili.

"Hapana!" Nasambu akapaza sauti, akashangaa kuisikia. "Simpi mtu! Kukhu, kuna jina uliruka! Nilikuona! Liite!"

Wito wa majina ukakoma. Hata hanga zilitulia.

"Siwezi," sauti ya kweli ikasema nje, imevunjika.

"Liite, Kukhu, anamchukua!"

Wangila alikuwa na dada mkubwa. Alikufa kwa malaria akiwa na miaka kumi na minne, na tangu siku waliyomfukia mama yake hakulitamka jina lake, hata kwenye sala. Sasa akalitoa kama mtu anayeng'oa mwiba ulioshikana na nyama.

"Naliaka."

Mtoto akavuta pumzi ndefu, akakunja uso, akapiga kelele.

Alilia kwa nguvu zote, mwekundu, ulimi unatetemeka, na kiganja kikafunga ghafla juu ya sarafu, kikarudi nyuma ya pazia. Kwenye kioo akatokea mwanamke aliyebeba mtoto anayelia. Nasambu akalitundika rinda kwenye msumari, akatoka. Gathogo alikuwa chini ya kaunta. Kukhu alikuwa amekaa sakafuni, anarudia jina lile, Naliaka, Naliaka, machozi hadi shingoni, na mtoto akanyonya palepale, mbele ya Ustadhi aliyegeuka kutazama barabara.

Alasiri hiyo wakasafiri kwenda Chwele.

Kesho yake asubuhi Nasambu alivaa rinda lake la kijani, akajifunga leso juu yake. Viola, aliyekuwa amefika kutoka Nairobi, alimtazama akaguna, "Na pesa yangu?" Nasambu akamwambia, "Niliiacha dukani," akapita.

Kanisa lilikuwa limejaa. Padri akauliza jina la mtoto, na kabla Wangila hajasema, Nasambu akajibu mwenyewe, "Naliaka."

"Na la Kikristo?"

"Hilohilo, Fatha."

Watu wakageuka kumtazama. Kisha, kwa kuwa mtoto alikuwa mzito na Nasambu amesimama muda mrefu, mwanamke wa benchi la nyuma akanyoosha mikono na kusema kwa wema, "Mama, lete nikushikie mtoto kidogo."

Nasambu hakumtazama usoni. Alitazama kiganja kwanza. Kilikuwa kitupu, kina sugu za jembe, kama viganja vyote vya mle ndani. Hata hivyo alitikisa kichwa.

"Asante, dada. Nitamshika mwenyewe."

Akamshika mpaka maji yakamwagwa, na Naliaka alipolia hadi mabati yakaitika, mama yake akacheka.